Mjadala uliomfuata mtu: Barua pepe katika historia ya Kampala

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mtu wa Kampala aliyetaka kubishana na mwenzake wa Harare au London alikuwa na njia tatu. Kulikuwa na posta, iliyochukua wiki nzima na zaidi. Kulikuwa na simu ya nje, iliyokula mshahara. Na kulikuwa na kompyuta iliyowekwa Chuo Kikuu cha Makerere, ikijulikana kwa jina la MUKLA. Njia hii ya tatu waliijua wachache, lakini kupitia hiyo wahadhiri, madaktari na wafanyakazi wa mashirika yasiyo ya kiserikali walishiriki mijadala ya dunia miaka kadhaa kabla mji haujawa na mkahawa wa intaneti.

Wengi wao hawakuwa wamewahi kuona tovuti. Mjadala uliwajia wenyewe kwenye sanduku la barua pepe, ukiwa mzima: hoja, majibu, maswali, na kejeli zikiwamo. Mpokeaji alisoma kwa nafasi yake na kujibu alipopata la kusema.

Leo simu za Kampala zinalia mchana kutwa kwa arifa. Nyingi hazina mjadala ndani yake. Zinamwambia mwenye simu kwamba mahali fulani watu wanazungumza, basi afungue akaone. Namna tulivyotoka kwenye barua iliyobeba mjadala hadi arifa inayoutangaza tu ni kisa cha gharama za simu, cha madaktari, cha siasa na cha sheria. Kisa hicho kimeanza kusahaulika, na sababu kubwa ni kwamba maandishi yake mengi yamepotea.

Simu ya zamu

MUKLA ilikuwa sehemu ya mradi ulioitwa ESANET, uliofadhiliwa na shirika la utafiti la Kanada, IDRC. Mradi huo uliunganisha vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere, Dar es Salaam, Zambia na Zimbabwe. Kwa upande wa Makerere, kazi ilifanyika katika Taasisi ya Sayansi ya Kompyuta, na jina linalotajwa zaidi ni la Charles Musisi, ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa waliosimamia anwani za intaneti zinazoishia na .ug.

Teknolojia yenyewe iliitwa FidoNet. Ilibuniwa mwaka 1984 na Tom Jennings wa San Francisco kwa ajili ya watu waliokuwa na kompyuta za nyumbani na simu za kawaida. Haikuhitaji mtandao unaowaka saa zote. Ulichohitaji ni kompyuta, modemu na laini ya simu inayoshika walau kwa dakika chache.

Kazi ilikwenda hivi. Mhadhiri aliandika barua yake kwenye kompyuta ofisini, au aliileta kwenye diski. Barua ilikaa ikisubiri pamoja na nyingine. Saa iliyopangwa ikifika, mara nyingi usiku wakati simu zinapokuwa nafuu na laini zimetulia, modemu ilipiga mluzi wake na kompyuta mbili zikashikana. Furushi la barua za Kampala, likiwa limebanwa ili lisichukue nafasi, likaenda. Furushi la barua zinazoingia likaja. Kisha simu ikakatwa. Laini ikikatika katikati, kama ilivyotokea mara kwa mara, zoezi lilianza upya.

Nje ya Afrika Mashariki, mlango mkuu ulikuwa London, kwenye shirika la GreenNet, mwanachama wa muungano wa kimataifa wa mitandao ya kiraia uitwao APC. Ndiyo maana anwani za kwanza za Makerere zilikuwa na mkia mrefu: jina la mtu, halafu mukla.gn.apc.org. Herufi “gn” zilisimama badala ya GreenNet. Barua ya Kampala kwenda kwa mtu wa Brazili ilipita London kwanza, ikafunguliwa njia pale.

Kwa kuwa kila kilobaiti ilikuwa na gharama, adabu ya uandishi ilijijenga yenyewe. Watu walijifunza kuandika kwa ufupi, kutorudisha barua nzima ya mwenzao wanapojibu, na kutotuma picha. Barua moja muhimu ilichapwa kwenye karatasi na kupitishwa mkono kwa mkono ofisini, ikasomwa na watu ambao hawakuwa na anwani wala kompyuta.

Setilaiti ya madaktari

Sehemu ya pili ya historia hii ilianzia Boston. Mwaka 1985 Tuzo ya Nobeli ya Amani ilikwenda kwa jumuiya ya madaktari waliopinga silaha za nyuklia, jumuiya iliyoasisiwa na madaktari wawili wa moyo, Bernard Lown wa Marekani na Yevgeny Chazov wa Urusi ya Kisovieti. Miaka michache baadaye Lown aliasisi shirika la SatelLife akiwa na wazo jepesi kulieleza: kama setilaiti zinaweza kuelekeza makombora, basi zinaweza pia kumfikishia daktari wa Afrika majarida ya tiba.

Mtandao wao uliitwa HealthNet. Setilaiti ndogo ilizunguka dunia kwa chini, ikapita juu ya kila nchi mara chache kwa siku, na kila mara ilionekana kwa dakika zisizofika robo saa. Katika dakika hizo kituo cha ardhini kilipaswa kutuma barua zake na kupokea zilizokuja. Makerere ilikuwa miongoni mwa vituo vya mwanzo katika ukanda wetu, pamoja na Nairobi, Dar es Salaam na Lusaka. Muda si mrefu ilibainika kuwa simu ya kawaida na FidoNet zilifanya kazi hiyohiyo kwa urahisi zaidi, na setilaiti ikabaki msaidizi.

Pale Hospitali ya Mulago, ambako Makerere ina kitivo chake cha tiba na maktaba iitwayo Albert Cook, barua hizi zilikuwa na thamani ambayo daktari kijana wa leo ni vigumu kuipima. Majarida ya karatasi yalichelewa miezi, na baada ya misukosuko ya miaka ya 1970 na 1980 rafu nyingi zilikuwa na mapengo. HealthNet News, jarida la barua pepe, lilimletea daktari makala zilizoteuliwa kutoka majarida makubwa ya tiba. Na aliyetaka ukurasa fulani wa intaneti bila kuwa na intaneti alitumia huduma ya SatelLife iliyoitwa GetWeb: aliandika anwani ya ukurasa ndani ya barua pepe, akaituma, kisha akapokea maandishi ya ukurasa huo kama jibu la barua. Tovuti nayo ilikuja kwa posta ya umeme.

Mwaka 1994 ilizaliwa ProMED, huduma ya kutoa tahadhari za magonjwa ya mlipuko kwa barua pepe, na kuanzia mwaka uliofuata SatelLife ndiyo iliyoihifadhi kwenye kompyuta zake. Utaratibu wake ulikuwa wa wazi. Daktari popote duniani akiona ugonjwa usioeleweka aliandika. Wataalamu walioteuliwa waliipitia taarifa, wakaongeza maelezo yao, kisha ikaenda kwa kila aliyejiandikisha. Hakukuwa na ada, na hakukuwa na haja ya kusubiri wizara itoe tamko.

Uganda ilikuja kuonekana kwenye barua za ProMED kwa msiba. Oktoba 2000, Dk Matthew Lukwiya, aliyekuwa Kampala akisomea shahada ya afya ya jamii Makerere, aliitwa haraka kurudi Hospitali ya Lacor, Gulu, ambako wanafunzi wa uuguzi walikuwa wakifa kwa ugonjwa usiojulikana. Sampuli zilipelekwa maabara ya virusi Afrika Kusini, na katikati ya mwezi ikathibitishwa kuwa ni Ebola. Kuanzia hapo taarifa za Gulu zilisomwa na wataalamu wa mabara yote kupitia barua za ProMED, wakiuliza maswali na kulinganisha na milipuko ya Kongo na Sudan. Mlipuko huo uliwapata watu 425, na 224 kati yao walifariki. Dk Lukwiya mwenyewe alifariki tarehe 5 Desemba 2000.

Miaka mitatu baadaye SatelLife, Makerere na HealthNet Uganda, kwa fedha za IDRC, walianzisha mtandao wa taarifa za afya uliowafikia wahudumu wa vijijini, ukianzia wilaya za Mbale na Rakai. Mhudumu alipewa kompyuta ndogo ya kiganjani. Alipofika kwenye kituo kilichokuwa na kisanduku cha kupokelea mawasiliano, aliielekeza hapo, ripoti zake zikaondoka, na barua pamoja na makala za tiba zikaingia. Kisha alirudi kijijini kwake kuzisoma bila mtandao wowote. Mantiki ilikuwa ileile ya MUKLA: mtandao unakutana nawe kidogo, maarifa yanabaki kwako.

Sanduku la megabaiti mbili

Kufikia katikati ya miaka ya 1990 biashara ilikuwa imeingia. Machi 1995 Uganda ilipata rasmi tawi lake la anwani, .ug. Kampuni za kuuza barua pepe zilijitokeza, na wakazi wa Kampala wa umri fulani bado wanazikumbuka kwa mikia ya anwani zao: imul.com, starcom.co.ug, infocom.co.ug, swiftuganda.com, baadaye utlonline.co.ug. Mwaka 1997 ilipitishwa sheria ya mawasiliano iliyovunja ukiritimba wa shirika la posta na simu, na Oktoba 1998 kampuni ya simu ya MTN ikaanza kazi, miaka mitatu baada ya Celtel kutangulia.

Wakati huohuo vikundi vya majadiliano kwa barua pepe vilikuwa vimeshaenea duniani. Programu ya Listserv, iliyoandikwa na Eric Thomas mwaka 1986, ndiyo iliyoweka utaratibu ambao hadi leo haujabadilika sana. Unatuma ombi la kujiunga kwa anwani moja. Barua yako kwa kikundi unaituma kwa anwani nyingine, na kompyuta inaisambaza kwa wanachama wote. Unaweza kuchagua upate kila barua inapotoka, au upate furushi moja la siku, au usimamishe barua kwa muda unapokwenda likizo. Na barua zote zinahifadhiwa mahali pamoja, mpya na za zamani.

Kwa mtu wa Kampala uchaguzi huo ulikuwa suala la mfuko. Aliyekuwa na simu ya mezani nyumbani alilipia kila dakika ya kuunganishwa. Alipiga, akavuta barua zote, akakata, kisha akasoma na kuandika majibu yake simu ikiwa imetulia. Aliyekwenda kwenye mikahawa ya intaneti ya Wandegeya au Kampala Road alikuwa na saa ya mhudumu mbele yake, na kila ukurasa uliosita kufunguka ulikuwa hela inayokwenda. Furushi la siku lilimfaa kwa sababu lilianza na orodha ya vichwa vya habari. Alisoma kile kilichomhusu, akanakili jibu refu kwenye diski akalimalizie ofisini, akaondoka.

Hapo palikuwa na mtego. Hotmail, iliyoanza mwaka 1996, ilimpa mtumiaji sanduku la megabaiti mbili tu. Mwanachama wa kikundi chenye maneno mengi akisafiri kijijini kwa mazishi, akakaa huko wiki mbili, alirudi na kukuta sanduku limejaa hadi mdomoni. Barua mpya zilikuwa zimegonga ukuta na kurudi zilikotoka. Kompyuta ya kikundi, ikiona barua zinarudi mara nyingi, ilimwondoa mwanachama bila kumuuliza. Alipouliza mbona kimya, aliambiwa ajiandikishe upya. Gmail ilipokuja mwaka 2004 na sanduku la gigabaiti moja, tatizo hilo likaisha.

Kisha kulikuwa na kioja kinachokumbukwa na kila aliyewahi kuwa kwenye vikundi hivyo. Mtu anachoka na barua nyingi, anataka kujiondoa. Badala ya kutuma ombi kwa kompyuta, analituma kwa kikundi chote: “Niondoeni.” Mwingine anamjibu mbele ya wote kumwelekeza. Wa tatu anawasuta wote wawili kwa kujaza masanduku ya watu. Wa nne anasema na yeye aondolewe. Ikifika jioni, barua ishirini zimepita na hakuna hata moja inayohusu mada.

Vikundi vya Kampala

Miaka ya mwanzo ya 2000 ndiyo iliyokuwa ya neema kwa majadiliano haya nchini. Mei 2000 ulianzishwa mtandao wa wanawake, WOUGNET, Dk Dorothy Okello akiwa miongoni mwa waasisi. Mashirika ya wanawake yalikuwa yamegundua kwamba yalikuwa yakifanya kazi zinazofanana bila kujuana. Kikundi cha barua pepe kiliwaletea matangazo ya semina, nafasi za ufadhili na mijadala ya sera. WOUGNET walitambua pia mipaka ya njia hiyo. Mwanamke mkulima wa Apac hakuwa na barua pepe, hivyo mwaka 2005 walifungua huko kituo cha habari cha Kubere, kikitumia redio na ujumbe mfupi wa simu kupeleka taarifa za kilimo kwa lugha ya wenyeji.

Wataalamu wa teknolojia walikuwa na I-Network, mtandao uliopata msaada wa taasisi ya Kiholanzi IICD, na kikundi chake kikawa uwanja wa kubishania sera za mawasiliano, gharama na miradi ya serikali. Maofisa, wahandisi wa kampuni na wanafunzi walisoma barua zilezile. Wapenzi wa programu huria walikuwa na kikundi chao cha Linux, ambako swali la mwanafunzi kuhusu seva iliyogoma lilijibiwa na mhandisi asiyemjua. Waganda wa ughaibuni na wa nyumbani walikutana kwenye Ugandanet, ambako siasa zilitawala na habari za magazeti ya Kampala zilipasuliwa mstari kwa mstari.

Nyuma ya barua hizo kulikuwa na kichekesho cha kiufundi. Mtu wa Nakasero aliyetumia kampuni moja akimwandikia mtu wa Kololo aliyetumia kampuni nyingine, barua yake ilipanda kwa setilaiti hadi ng'ambo, kisha ikashuka tena Kampala, na safari zote mbili zililipiwa kwa dola. Kituo cha kubadilishana mawasiliano ya ndani, UIXP, kilianzishwa mwaka 2001 ili barua ya Kampala ibaki Kampala. Mwaka 2003 mji ulipokea mkutano wa AfNOG, jukwaa la wahandisi wa mitandao wa Afrika, na vijana wengi walijifunza hapo kuendesha seva za barua wenyewe. Wahandisi hao nao, walipotawanyika, waliendelea kuulizana na kusaidiana kwa barua pepe.

Ukumbi wa Jumamosi

Si haki kusimulia habari za barua pepe bila kutaja mshindani wake. Mwaka 2000 Radio One ilianza kurusha mjadala wa Jumamosi kutoka Club Obbligato, ambako watu walikaa mezani na vinywaji vyao, wakasimama mmoja mmoja kutoa hoja. Ekimeeza, kama ulivyoitwa, ulizaa mingine, ukiwamo Mambo Bado wa kituo cha redio cha CBS uliofanyika kwa Kiganda. Waliozungumza huko ni wauza nguo, madereva, wanasheria na wanasiasa wanaochipukia.

Ukiweka Ekimeeza na vikundi vya barua pepe pamoja, upungufu wa kila upande unaonekana. Barua pepe ilikuwa kwa Kiingereza, kwa waliosoma na wenye kompyuta. Ilimpa mtu nafasi ya kufikiri kabla ya kujibu, na ikaweka kumbukumbu. Redio ilimfikia mchuuzi wa Soko la Owino akiwa kazini, kwa lugha yake, lakini maneno yalikwenda na upepo. Kampala ilihitaji vyote viwili, na kwa karibu miaka kumi ilikuwa navyo.

Serikali ilivitazama kwa macho tofauti. Barua pepe iliachwa kwa sehemu kubwa, pengine kwa kuwa wasomaji wake walikuwa wachache. Tovuti haikuachwa: Februari 2006, siku chache kabla ya uchaguzi, tume ya mawasiliano iliagiza tovuti ya Radio Katwe, iliyochapisha uvumi wa kisiasa, izuiwe. Kisha ikaja Septemba 2009. Kabaka wa Buganda alizuiwa kuzuru Kayunga, ghasia zikazuka Kampala, watu wakauawa. CBS na stesheni nyingine zilifungwa, na mijadala ya ukumbini ikapigwa marufuku. CBS haikurudi hewani hadi Oktoba 2010. Mijadala ya ukumbini ya zamani haikurudi.

Arifa badala ya barua

Mwaka huohuo wa 2009, mwezi Julai, mkongo wa baharini wa SEACOM ulikuwa umefika pwani ya Afrika Mashariki. Utegemezi wa setilaiti ukaanza kuisha, na bei ikaanza kushuka. Kwa hiyo ukumbi wa redio ulifungwa kipindi kilekile ambacho mlango wa mtandao ulikuwa ukipanuka, na wazungumzaji wakahamia huko.

Wengi waliingia kwanza kwenye majukwaa ya tovuti. Jirani zetu Watanzania walikuwa na JamiiForums tangu mwaka 2006. Majukwaa ya aina hii yalikuwa na kitufe cha kufuatilia mada: mtu akijibu, unapata barua pepe. Kwa mtu mwenye kazi nyingi huo ulikuwa msaada mkubwa, maana hakulazimika kuingia kila saa kuangalia kama amejibiwa. Lakini tazama kilichobadilika. Barua ya Listserv ilileta jibu lenyewe. Arifa ya jukwaa mara nyingi ilileta jina la mada na kiungo cha kubofya, na ili ujue kilichosemwa ilibidi uingie mtandaoni, ulipie data, upite kwenye matangazo.

Facebook na Twitter zilikwenda mbali zaidi. Arifa zao hazikuandikwa kumpunguzia mtu safari. Ziliandikwa ili afunge safari. WhatsApp ilirudisha kitu kimoja cha zamani, kwamba ujumbe wenyewe unakufikia mkononi, na ndiyo sababu mojawapo iliyoifanya ipendwe na vikundi vya harusi, vya SACCO, vya wanakijiji waishio mjini na vya wahadhiri. Lakini iliweka ukomo wa wanachama, 256 tangu mwaka 2016 na 1,024 tangu 2022. Na mwanachama mpya anaingia bila kuona yaliyosemwa miaka ya nyuma, hivyo swali lilelile linaulizwa kila mwezi.

Majukwaa haya mapya yalikuwa pia rahisi kuyafungia. Siku ya uchaguzi, tarehe 18 Februari 2016, mitandao ya kijamii ilizimwa. Kuanzia tarehe 1 Julai 2018 kila aliyetaka kuitumia alitozwa shilingi 200 kwa siku, kodi iliyodumu hadi katikati ya 2021 ilipoondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na ushuru wa asilimia 12 kwenye data. Januari 2021 intaneti yote ilikatwa kwa siku kadhaa wakati wa uchaguzi, na hapo hata barua pepe ilinyamaza. Mtandao uliporudi, Facebook ilibaki imefungwa.

Kilichopotea, kilichobaki

Waswahili wana msemo: mali bila daftari hupotea bila habari. Vikundi vingi vya Afrika Mashariki viliwekwa kwenye Yahoo Groups, huduma iliyotokana na kampuni ya eGroups ambayo Yahoo iliinunua mwaka 2000. Ilikuwa bure, na hakuna aliyefikiria kutunza nakala. Mwishoni mwa 2019 Yahoo ilianza kufuta barua na mafaili yaliyohifadhiwa humo, na Desemba 2020 ikafunga huduma yenyewe. Mijadala ya miaka mingi, ya wanachuo, ya majimbo, ya makabila, ya taaluma, ilikwenda kwa pamoja. Mtafiti anayetaka kujua Waganda wenye kompyuta walisema nini mwaka 2005, wakati bunge lilipoondoa ukomo wa mihula ya rais, atayapata magazeti ya mwaka huo kwenye maktaba. Barua nyingi za raia hatazipata.

Kwingine kumbukumbu zimetunzwa. Nchini Kenya, kikundi cha KICTANet kilichoanza katikati ya miaka ya 2000 bado kinajadili sera za mawasiliano kwa barua pepe. ProMED nayo imeendelea: tarehe 30 Desemba 2019 ilituma kwa wasomaji wake taarifa ya homa ya mapafu isiyoeleweka mjini Wuhan, kabla ya dunia nzima kulijua jina la ugonjwa huo. Januari 2025 Ebola ilipotangazwa Kampala yenyewe, baada ya muuguzi wa Mulago kufariki, wataalamu walikuwa na njia ileile iliyotumika wakati wa Gulu: barua moja, iliyohaririwa, inayomfikia kila aliyeiomba.

Hapo ndipo ilipo hoja ya kuangalia nyuma. MUKLA ilijengwa na watu waliokuwa na umaskini wa mtandao, na umaskini huo uliwalazimisha kufanya mambo matatu ya busara: waliandika kwa ufupi, waliujibu ujumbe badala ya kuukimbilia, na waliweka kumbukumbu. Sisi wenye mtandao wa kutosha tumeyaacha yote matatu.

Kuyarudisha hakuhitaji mfadhili. Makerere, WOUGNET na vyama vya taaluma vingeweza kuwaomba wanachama wao wa zamani wafungue kompyuta zao kuukuu na masanduku yao ya kale, wachambue barua za vikundi zilizosalia na, kwa ridhaa ya walioziandika, wazikabidhi maktaba. Chama chenye kikundi cha WhatsApp kingeweza kuweka kando yake kikundi cha barua pepe kwa ajili ya maamuzi, mihtasari na hoja nzito. Na wewe msomaji, ukiwa bado na anwani ya zamani ya mwaka 2001 ambayo hujaifungua siku nyingi, ifungue wiki hii. Ukikuta humo mjadala ambao hauko mahali pengine popote, usiufute.